Mfuko wa Dharura wa Skuta: Mwepesi, wa Kati au Kamili?

Nafasi iliyo chini ya kiti cha skuta hugombewa na mambo mengi: kofia ngumu, koti la mvua, mkoba wa kazini, manunuzi ya njiani. Vifaa vya dharura huwa vya mwisho kuingia, na kwa kawaida huingia bila mpango wowote, yaani spana mbili zilizosalia kutoka kazi nyingine, tochi ambayo betri zake hazijaguswa kwa mwaka mzima, na kopo la kuziba pancha ambalo tarehe yake imepita. Siku msumari unapochoma tairi la nyuma, mwenye skuta hufungua kiti na kugundua kwamba kila alichobeba kinahitaji kitu kingine ambacho hakukibeba.

Makala hii inalinganisha mifuko mitatu ambayo mtu anaweza kuipanga kwa makusudi: mfuko mwepesi wa anayetaka kufika mahali penye fundi, mfuko wa kati wa anayetaka kuziba pancha na kuamsha betri yeye mwenyewe, na mfuko kamili wa anayesafiri mbali au anayeendesha skuta ya kizamani. Nimewahi kubeba yote mitatu kwa nyakati tofauti za maisha yangu barabarani, na kila mmoja ulinifaa wakati wake.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni tatizo ambalo mfuko unaweza kulitatua. Sababu zinazosimamisha skuta njiani ni chache na hujirudia: pancha, betri iliyokufa, fyuzi iliyoungua, mafuta yaliyokwisha, kebo iliyokatika, na mkanda wa kuendeshea gurudumu la nyuma kukatika. Pancha ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza, kwa sababu rimu nyingi za skuta ni za inchi 10 hadi 14, na gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, hivyo kila sehemu ya tairi hugusa barabara, pamoja na kilicholala juu yake, mara nyingi kuliko ilivyo kwa gurudumu la pikipiki kubwa.

Kigezo cha pili ni ujuzi na muda unaohitajika. Kifaa ambacho mwenyewe hujawahi kukijaribu mchana, nyumbani, ukiwa umetulia, usitarajie kukimudu usiku kando ya barabara huku magari yakipita. Cha tatu ni nafasi na uzito, na hapa inafaa kusoma kikomo kilichoandikwa ndani ya sanduku la chini ya kiti au kwenye kijitabu cha skuta, maana sanduku la nyuma na ndoano ya mbele huruhusiwa kubeba kilo chache tu. Cha nne ni jinsi kifaa kinavyostahimili joto, mtikisiko na kukaa muda mrefu bila kutumika, kwa kuwa katika skuta nyingi injini iko karibu kabisa na sanduku hilo. Cha tano ni usalama wa kifaa chenyewe, kwa sababu baadhi ya vitu tunavyobeba kwa ajili ya dharura vinaweza kuleta dharura nyingine.

Kabla ya kuchagua, mambo matatu kuhusu skuta yako sharti yajulikane. Je, matairi yake yana tyubu au ni ya tyublesi, yaani yasiyo na mpira wa ndani? Jibu huwa limeandikwa ubavuni mwa tairi, ingawa ni salama zaidi kumuuliza fundi aliyelifunga mara ya mwisho, kwani tairi la tyublesi linaweza kuwa limetiwa tyubu ndani. Je, ina kiki ya mguu au inawashwa kwa kitufe pekee? Je, injini yake inatumia kabureta au mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta? Majibu haya hubadilisha thamani ya karibu kila kifaa kitakachotajwa hapa.

Mfuko mwepesi

Mfuko huu hauzidi kilo moja na nusu na huingia pembeni mwa kofia ngumu bila kuibana. Ndani yake kuna kopo la povu la kuziba pancha, kipimo kidogo cha upepo, tochi ya kuvaa kichwani, fyuzi za akiba, glavu, kizibao cha kuakisi mwanga, pakiti ndogo ya huduma ya kwanza, na betri ya akiba ya simu pamoja na waya wake.

Kwa upande wa tairi, kopo la povu ndilo suluhisho rahisi kuliko yote. Msumari ukiweza kutolewa hutolewa, mdomo wa kopo huunganishwa na valvu, povu huingia na kusukuma tairi liinuke, kisha skuta huendeshwa polepole kwa kilomita chache ili maji ya povu yasambae na kufika kwenye tundu. Hakuna haja ya kung'oa gurudumu wala kuwa na nguvu za mikono. Faida yake nyingine, ambayo wengi huisahau, ni kwamba linaweza kusaidia hata kwenye tairi lenye tyubu ikiwa tundu ni dogo, ingawa huko matokeo yake hayaaminiki kwa kiwango kilekile, kwa sababu tyubu iliyochomwa huweza kuendelea kupasuka tairi linapozunguka bila upepo.

Mipaka yake pia iko wazi. Povu huziba tundu dogo lililo kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Mpasuko au tundu la ubavuni halitazibwa. Upepo unaopatikana kwa kawaida hautoshi kufikia kiwango kamili, kwa hiyo safari inayofuata ni ya kumtafuta fundi au pampu, kwa mwendo mdogo. Kopo hutumika mara moja. Fundi naye lazima aambiwe mapema kwamba tairi limetiwa povu, kwanza kwa sababu atalazimika kulifuta lote kabla ya kubandika kiraka, na pili kwa sababu gesi inayosukuma povu katika baadhi ya makopo huwaka moto, na si haki kumwacha mtu abandue tairi hilo karibu na cheche bila kujua.

Kwa upande wa umeme na injini, mfuko huu una fyuzi tu, na hilo si jambo dogo. Fyuzi iliyoungua huweza kuzima taa, honi au skuta nzima, na kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili kwa anayejua kisanduku chake kilipo. Fyuzi mpya iwe na ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Anayeweka ya ampea 20 mahali pa ampea 10 ameondoa ulinzi wa waya, na waya huo ndio utakaoungua badala ya fyuzi. Betri ikifa, mfuko mwepesi hauna jibu zaidi ya kiki, kama ipo, na simu.

Utunzaji ndio udhaifu wake mkubwa. Makopo ya aina hii huandikwa onyo la kutoyaweka kwenye joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi, na sanduku lililo juu ya injini, skuta ikiwa imeegeshwa juani, si mahali pa kuaminika kwa onyo hilo. Nilibeba kopo moja kwa zaidi ya miaka miwili bila kulitazama. Siku nilipolihitaji lilitoa matone ya maji meupe bila msukumo wowote, nikasukuma skuta hadi miguu ikafa ganzi. Tangu hapo naandika tarehe ya kununua kwa kalamu nene juu ya kopo, na kwa skuta yenye sanduku linalopata moto nashauri kopo likae kwenye mkoba wa mgongoni au kwenye kisanduku cha mbele.

Mfuko huu unamfaa anayeendesha ndani ya mji ambako mafundi wako karibu, asiyependa kazi ya mikono au ambaye mikono yake haina nguvu ya kutosha, na anayepakia vitu vingine vingi chini ya kiti.

Mfuko wa kati

Hapa kopo linaondoka na nafasi yake kuchukuliwa na vifaa vya kuziba kwa kamba pamoja na njia ya kujaza upepo. Vinavyoongezwa ni koleo, kisu kikali kidogo, spana chache za namba ambazo skuta yako inazitumia kweli, bisibisi ya pande mbili, tepu nyeusi ya umeme, vifungo vya plastiki, na kiwashio cha betri cha kubebeka, yaani betri ndogo ya kuwashia skuta ambayo betri yake imekufa. Vitu vya usalama vya mfuko mwepesi vyote vinabaki. Uzito hufika kilo mbili na nusu hadi tatu.

Kwa tairi la tyublesi, kamba za kuziba ni kifaa ambacho ningependa kila mwenye skuta ajifunze kukitumia. Msumari hutafutwa na mahali pake huwekwa alama kabla ya kung'olewa kwa koleo, kwa sababu tundu lisilo na msumari hupotea machoni haraka. Tundu husafishwa na kukwaruzwa kwa chuma chenye meno, ambacho lazima kiingizwe kwa pembe ileile aliyoingilia msumari. Kamba yenye gundi hupitishwa kwenye jicho la sindano, husukumwa hadi ncha zake zibaki nje kwa takriban sentimita moja, kisha sindano huvutwa kwa nguvu na kwa mpigo mmoja ili kamba ibaki ndani. Ncha zinazojitokeza hukatwa, upepo hujazwa, na mate au maji ya sabuni hupakwa juu kuangalia kama kuna mapovu. Mtu aliyezoea humaliza kwa dakika 10 hadi 15. Asiyezoea hukwama kwenye kusukuma sindano, kazi inayohitaji nguvu kuliko inavyoonekana, ndiyo maana vifaa vyenye mpini wa umbo la T vinafaa kuliko vile vyenye mpini mdogo kama wa bisibisi, na tairi lililochakaa na kuelekea kutupwa ni darasa zuri la kujifunzia.

Kamba inafaa kwa tundu la upana wa hadi milimita 6 hivi lililo kwenye sehemu ya kukanyagia. Ubavuni haifai kabisa, kwa kuwa ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka na kuisukuma kamba itoke. Hata ikishika vizuri, ichukuliwe kuwa tiba ya kufikia kwa fundi, ambaye atabandika kiraka kwa ndani au kushauri tairi libadilishwe.

Swali linalowatatiza wengi zaidi ni la upepo, na hapa kuna njia nne ambazo zinastahili kupimwa kwa utulivu.

Pampu ya mkono au ya mguu haihitaji chaji, haiharibiwi na joto na hudumu miaka mingi. Gharama yake ni jasho, maana tairi la skuta lililoisha upepo kabisa huhitaji mipigo mingi sana ya pampu ndogo hadi lifike psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 25 au 30. Vichupa vya gesi ya kaboni dioksidi vya gramu 16 ni vidogo kama kidole gumba na hujaza kwa sekunde chache, lakini tairi moja hutumia viwili au vitatu, kwa hiyo ukikosea kuunganisha mdomo kimoja huishia hewani. Kichupa hupoa ghafla kinapotoa gesi, kiasi cha kuunguza ngozi, hivyo glavu ni lazima. Gesi hiyo pia hupenya kwenye mpira haraka kuliko hewa ya kawaida, na tairi litahitaji kujazwa upya baada ya muda mfupi.

Pampu ya umeme inayochomekwa kwenye soketi ya volti 12 ndiyo inayowaangusha wenye skuta mara nyingi. Ilitengenezwa kwa kufikiria gari, na huweza kuvuta ampea nyingi kuliko soketi ya skuta inavyoruhusu, kwa kuwa soketi nyingi za skuta zimewekwa kwa ajili ya kuchaji simu tu. Matokeo yake ni fyuzi kuungua, na sasa una matatizo mawili. Anayeipenda aiunganishe moja kwa moja na betri kwa vibanio, injini ikiwa inaunguruma mahali pa wazi penye hewa, baada ya kusoma ampea zake. Pampu yenye betri yake ya ndani huondoa shida hiyo, hujisimamisha ikifika kiwango ulichoipangia, na nyingi hutoa mwanga na kuchaji simu. Udhaifu wake ni kwamba betri za lithiamu huzeeka upesi kwenye joto, na pampu iliyosahaulika bila chaji haina faida yoyote siku inapohitajika. Mimi hubeba hii, pamoja na pampu fupi ya mkono kama akiba, na sijajutia gramu zilizoongezeka.

Kuna hali moja ambayo pampu ndogo zote hushindwa: ukingo wa tairi unapokuwa umeachana na rimu, hewa hutoka pembeni kwa kasi kuliko inavyoingia. Mkanda wa kufungia mizigo, ukizungushwa katikati ya tairi na kukazwa, husukuma kingo za tairi zitanuke hadi ziguse rimu tena. Mkanda huo huo hutumika kufunga mzigo au kushikilia bomba la moshi lililolegea, kwa hiyo nafasi yake ni halali. Ulegezwe mara tairi linapoanza kushika upepo.

Kwa upande wa umeme, mfuko wa kati una jibu ambalo mfuko mwepesi hauna. Skuta zenye gia za kujiendesha haziwashwi kwa kusukumwa, kwa sababu klachi yake hushika tu baada ya injini kufikia mzunguko fulani, na injini iliyozimika haina mzunguko. Kiki nayo huweza kushindwa katika skuta yenye mfumo wa kielektroniki wa mafuta, maana pampu ya mafuta na kompyuta ya injini zinahitaji volti za kutosha kabla ya cheche ya kwanza. Kwa hiyo chaguo ni mbili: kiwashio cha kubebeka au nyaya za kuunganisha na betri ya mwingine.

Kiwashio hutosha mfukoni na hakihitaji msaada wa mtu, ila kinapaswa kuchajiwa kila baada ya miezi michache na kuepushwa na joto. Nyaya haziishi chaji, lakini zinahitaji gari au pikipiki nyingine yenye betri ya volti 12. Nyaya zikitumika, nyekundu huunganisha chanya kwa chanya, nyeusi huanzia kwenye hasi ya betri nzima na kuishia kwenye chuma kisicho na rangi cha skuta, mbali na betri iliyokufa. Ikiwa msaada unatoka kwenye gari, ni salama zaidi injini ya gari hilo ibaki imezimwa, kwani betri ya skuta ni ndogo sana ikilinganishwa na mfumo wa kuchaji wa gari.

Mfuko huu unamfaa mwenye matairi ya tyublesi anayesafiri kila siku umbali wa kutosha kumwacha katikati ya maeneo mawili yenye mafundi, na aliye tayari kutenga saa moja nyumbani kujizoeza. Mwenye skuta ya umeme ambayo mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma anaweza pia kuupendelea, kwa sababu gurudumu lake ni gumu kulitoa kutokana na nyaya zinazoingia kwenye ekseli, na kamba huziba bila kulitoa. Mwenye tairi la tyubu haumfai, kwani kamba haiwezi kuziba tyubu.

Mfuko kamili

Mfuko kamili una vyote vya mfuko wa kati, na juu yake kuna vyuma bapa vya kubandulia tairi, tyubu ya akiba au viraka na solusheni, soketi za kutolea magurudumu, spana ya plagi na plagi mpya (kifaa kinachotoa cheche ndani ya injini), kebo za akiba kama skuta inazitumia, balbu, kipande cha waya laini wa chuma, na mafuta ya kulainishia katika kichupa kidogo. Uzito wake hufika kilo tano au zaidi, na hapa kikomo cha sanduku kinakuwa jambo la kuzingatiwa kwa uzito.

Tairi lenye tyubu ndilo sababu kuu ya kuwepo kwake. Lakini ni vyema kuikagua skuta yako kabla ya kununua chochote: katika skuta nyingi za kisasa gurudumu la nyuma halitoki mpaka bomba la moshi liondolewe, na nati ya ekseli hukazwa kwa nguvu ambayo spana fupi haiilegezi. Anayebeba vyuma vya kubandulia tairi bila mkono mrefu wa soketi amebeba nusu ya suluhisho.

Hali ni tofauti kabisa kwa skuta za chuma za mtindo wa Vespa, ambazo Piaggio ilianza kuzitoa mwaka 1946. Magurudumu yake yanashikiliwa upande mmoja kama ya gari, hufunguliwa kwa nati chache, na katika modeli nyingi za zamani la mbele na la nyuma hubadilishana, ndiyo maana gurudumu la akiba lilikuwa sehemu ya kawaida ya skuta hizo. Rimu zake za vipande viwili hufunguka kwa spana, na tyubu hutoka bila kubandua tairi kwa nguvu, ila upepo wote lazima utolewe kwanza, kwa sababu rimu inayofunguliwa ikiwa na upepo ndani hufyatuka kwa hatari kubwa. Kwa mwenye skuta ya namna hii, gurudumu la akiba lililojazwa na spana yake lina thamani kuliko vifaa vyote vingine vya pancha vikiwekwa pamoja.

Kwa upande wa injini, mfuko huu huleta nafuu kubwa kwa injini za kizamani na nafuu ndogo kwa mpya. Injini ya mipigo miwili huchafua plagi, na kuibadilisha njiani ni jambo la kawaida. Kebo ya klachi au ya gia hukatika, na ya akiba huokoa siku. Kama injini hiyo huchanganyiwa oili kwenye tangi kwa asilimia 2, lita 5 za petroli zinahitaji mililita 100 za oili, hivyo kichupa chenye alama za kipimo hakikosi kazi. Katika skuta mpya, mkanda wa kuendeshea gurudumu ukikatika injini huunguruma bila skuta kusogea, na kuubadilisha kunahitaji kifaa cha kuzuia puli isizunguke pamoja na nguvu ya kulegeza nati yake. Kubeba mkanda wa akiba kunafaa safarini mbali, kwa maana ya kumkabidhi fundi ambaye huenda hana wa saizi yako, na si kwa kuubadilisha mwenyewe gizani.

Kuhusu petroli ya akiba, msimamo wangu ni mkali. Chupa ya plastiki ya maji ikitiwa petroli na kuwekwa chini ya kiti juu ya injini yenye moto ni hatari isiyolingana na usumbufu wa kuishiwa mafuta. Anayelazimika kubeba abebe katika chombo kilichotengenezwa kwa petroli, kisichojazwa hadi juu, na kisiwekwe ndani ya sanduku lililofungwa. Nafuu zaidi ni kujua tangi lako, ambalo katika skuta nyingi ni la lita 5 hadi 8, linakupeleka kilomita ngapi.

Joto halidhuru sana vifaa vinavyoongezwa katika mfuko huu, kwani chuma hakiharibiki, lakini mtikisiko unavidhuru: spana zinazogongana hutoboa tyubu ya akiba na kukwangua kila kilicho karibu. Zungushia spana kitambaa, weka tyubu katika mfuko wake pamoja na unga wa talki, na vitu vizito viweke chini na mbele kadiri inavyowezekana ili skuta isiwe nyepesi usukani.

Unamfaa msafiri wa mbali, mwenye matairi ya tyubu anayejua kuyabandua, mwenye skuta ya kizamani, na anayeongoza msafara, ambapo mfuko mmoja kamili hutosha watu watatu au wanne ikiwa saizi za tyubu na nati zimelinganishwa mapema.

Visivyobadilika katika mifuko yote

Kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe kabla ya kugusa tairi, na skuta isogezwe mbali na magari hata kama kufanya hivyo kutaumiza tairi zaidi. Tochi ya kichwani inashinda ya mkononi, kwa kuwa kazi zote hizi zinahitaji mikono miwili. Pakiti ya huduma ya kwanza iwe na glavu za mpira, shashi safi nyingi, bendeji pana ya kukandamiza, mkasi, na blanketi jembamba la kuhifadhi joto la mwili. Vibandiko vidogo vya vidole ni vya ziada. Jeraha linalotoa damu nyingi hukandamizwa kwa nguvu moja kwa moja bila kuachia kila mara kutazama. Kofia ngumu ya majeruhi isivuliwe, isipokuwa kama anashindwa kupumua na njia ya hewa haiwezi kufikiwa, na hapo watu wawili wasaidiane, mmoja akishikilia kichwa na shingo. Karatasi yenye kundi la damu, mzio na namba ya ndugu wa kupigiwa ikae kwenye mfuko wa koti, kwa sababu simu iliyofungwa kwa nywila haimwambii mwokoaji chochote.

Kuchagua kulingana na hali

Kama safari zako ni fupi, za mchana, na fundi hayuko mbali, mfuko mwepesi unatosha, mradi kopo likaguliwe kila baada ya miezi sita.

Kama unasafiri usiku au unapita njia yenye kipande kirefu kisicho na watu, na matairi yako ni ya tyublesi, chagua wa kati. Mkono mmoja ukiwa dhaifu, ongeza kopo dogo la povu ndani yake kama njia ya pili, kwa kuwa kusukuma kamba huenda kukakushinda.

Kama matairi yako yana tyubu na hujawahi kubandua tairi, mfuko kamili hautakufaa bado. Beba mwepesi, weka ndani yake tyubu mpya ya saizi yako, na namba ya fundi anayekubali kufika ulipo. Tyubu sahihi ndiyo ambayo mara nyingi fundi wa njiani hana.

Kama betri yako imezidi miaka mitatu na skuta haina kiki, kiwashio kiingie katika mfuko wowote utakaouchagua, au betri ibadilishwe kabla ya safari, jambo ambalo huchukua nafasi ndogo zaidi kuliko vifaa vyote.

Kama mnatumia skuta moja watu wawili nyumbani, mfuko upangwe kwa uwezo wa yule asiye na uzoefu wa vifaa, na yule mwenye uzoefu aongeze vyake kwenye mkoba tofauti anaouchukua siku za zamu yake.

Kama unaondoka kwa safari ya siku kadhaa, panga mfuko kamili wiki moja kabla, kisha legeza na kukaza tena kila nati unayotarajia kuigusa kwa spana zilezile utakazobeba, ukitumia kiwango cha kukazia kilichoandikwa kwenye kijitabu. Nati itakayokataa kulegea nyumbani ipeleke kwa fundi kabla hujaondoka.